Majivu ya Domisiana

Mwalimu Leonidas alimsingizia Domisiana kwamba ndiye aliyeozesha maharage ya kijiji, huku akijua fika kuwa kosa ni lake mwenyewe. Hilo lilitendeka Kirushya, mwaka wa vita, na waliokuwapo bado wanalisimulia kinyume.

Domisiana hakusoma. Lakini maharage yake ya mbegu, aliyoyahifadhi kwa majivu, hayakuwa na tundu, na kila msimu wanawake walibisha hodi kwake na vikapu kubadilishana mbegu. Heshima yake yote ilikuwa hapo. Mume alishafariki, na migomba yake ilibaki kilimani watu walipohamishiwa kijiji cha ujamaa.

Mapema mwaka ule mwalimu alimwita Domisiana aje darasa la sita. Alitaka watoto wajifunze kupima jambo, wasiliamini tu. Wakajaza mikebe miwili maharage ya Domisiana, wakatia fukusi kumi kila mkebe. Mmoja ukawekwa majivu, mwingine ukaachwa hivyo hivyo.

"Mbona majivu unayachekecha, mama?" aliuliza msichana mmoja, Adelfina.

"Chenga zinaacha nafasi, fukusi anapita. Na lazima yalale siku tatu, yapoe kabisa. Ya moto yanatoka jasho humo ndani, maharage yanaota ukungu."

"Majivu yanatoka jasho!" Mwalimu alicheka, darasa zima likacheka naye. "Hayo tuwaachie bibi zetu. Andikeni: majivu."

Baada ya miezi miwili maharage ya mkebe wa majivu yalikuwa mazima; ya mkebe wa pili, unga mtupu. Karatasi ikabandikwa ukutani: Jaribio la Mwalimu Leonidas. Adelfina ndiye aliyemsomea Domisiana kilichoandikwa.

Vita na Uganda ilipoanza, kijiji kilitenga magunia tisa ya maharage kwa ajili ya askari, mwalimu akakabidhiwa ghala. Aliwaagiza watoto waje na majivu asubuhi. Wakaja nayo kwenye makopo, yametoka jikoni muda ule, mengine yanafuka. Domisiana aliacha jembe shambani akaenda.

"Mwalimu, hayo hayajapoa."

"Mama, si tulipima pamoja? Ulikuwepo."

"Tulipima yaliyopoa."

"Rudi shambani, mama. Watoto wanakusikia."

Wiki ya tatu magunia yaliyotiwa majivu yale yalifunguliwa, harufu ikafika barabarani. Mkutano ukaitwa, mwenyekiti akauliza ni nani aliyeleta njia ile. Mwalimu alisimama, akajipangusa chaki mikononi.

"Nilifundishwa na Domisiana."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa mwalimu kulitaja jina lake mbele ya watu.

"Leo jasho limekutoka wewe," Bonifasia, jirani wa Domisiana, alimwambia walipokuwa wakitawanyika. Msimu ule hakuna aliyebisha hodi na kikapu. Wala uliofuata. Mwalimu alihamishiwa Biharamulo, akawa mwalimu mkuu.

Domisiana bado anachekecha majivu yake na kuyalaza siku tatu. Maharage hadai, yale ya mikebe aliyatoa kwa hiari. Anadai maneno, na mdaiwa ni Leonidas: asimame mbele ya wale wale waliocheka, ambao baadhi yao sasa wana watoto, aseme kwamba majivu yalikuwa ya moto na kwamba aliambiwa. Na Adelfina, aliyekuwa na kopo mkononi asubuhi ile na kusikia kila neno, naye anadaiwa.