Kaa na Kaa Wako

Miaka ile vyama vingi vilipotutia uadui hapa Pemba, mimi nilikuwa nauza kaa wa mikoko. Kazi hiyo sikufunzwa darasani. Niliiona Mombasa, nilipokuwa mpagazi: asubuhi kaa wanakaguliwa, muhuri unagongwa, adhuhuri wamo ndegeni. Mnunuzi wa ng'ambo huwataka hai tu. Kaa aliyekufa ni uvundo.

Nikarudi kwetu nikiwa na mnunuzi wangu mwenyewe. Nikawafunga kaa magando, nikawalaza makapuni kwa majani mabichi, nikaenda ofisi ya vibali Chake Chake.

"Nimeleta kaa wa kusafirisha, bwana," nilimwambia karani.

"Basi kaa, mzee. Kaa na kaa wako," akasema, na wenzake wakacheka. "Mwenye muhuri yuko Gombani, mkutano wa chama. Au wewe chama chetu hukitaki?"

Nikamjibu chama changu ni tumbo langu. Akanionyesha benchi.

Kila asubuhi niliporudi neno lilikuwa hilo hilo: kaa. Povu likawatoka kaa wangu, wakalegea mmoja mmoja mbele ya macho yangu.

Mwenye muhuri alipokuja hakunisalimu. Alifunua kapu, akaziba pua.

"Umeomba kibali cha kaa hai," akasema. "Hawa maiti. Mimi siandiki uongo kwenye karatasi ya serikali. Watoe, nataka kunywa chai."

Nikampigia simu mnunuzi wangu, nikamwambia safari hii akanunue Mombasa.

Akasema ameshanunua.