Kiti cha Nyuma cha Gari la Meneja

Baba yangu hakuwahi kuwa na gari. Ukweli huo nimeukana kwa zaidi ya miaka thelathini, tangu nilipokuja Birmingham kusoma chuo kikuu na kukuta kila mwenzangu ana jamaa mwenye mali ya kusimulia.

Mimi nilikuwa na picha. Baba amesimama Kericho kando ya gari la kifahari la Kiingereza, lile la miaka ya hamsini, pana kama sebule, lenye mbao zilizong'arishwa kwenye dashibodi. Mkono mmoja ameuweka juu ya boneti. Mwingine uko mgongoni, umeshika kofia ya udereva, kwa hiyo kofia haionekani. Mtu akiniuliza kama gari lilikuwa la baba, nilijibu, "Tulikuwa nalo miaka mingi," jibu ambalo wakili mzuri angeweza kulitetea. Lilikuwa la meneja wa shamba la chai. Baba alikuwa dereva wake.

Ubaya wa uongo wa nyumbani ni kwamba watoto huusoma kama historia. Binti yangu, nesi anayeishi mtaa wa Harborne hapa Birmingham, alipopanga harusi yake alinitangazia kwamba amekodi gari kama la Babu, na kwamba ukumbini atawasimulia wageni habari zake. Babu mwenyewe angekuwa anatazama kwenye simu kutoka Kericho, anasikia kila neno. Nikamwambia magari ya zamani hunuka petroli. Nikamwambia gauni litachafuka. Nilisema yote isipokuwa lile moja.

Jumamosi asubuhi tulikwenda kuliona kwenye ghala moja katika mtaa wa Digbeth. Mwenye gari, mzee Mwingereza aliyevaa ovaroli safi kuliko koti langu, alinifungulia mlango wa nyuma, akainama kidogo. Harufu ya ngozi na nta ikanifikia. Nikavua viatu.

Sikufikiri. Utotoni, baba akimaliza kuliosha gari la meneja, tuliruhusiwa kupanda bila viatu, tena mbele tu. Nyuma palikuwa pa meneja na mkewe. Sisi tulipachungulia kupitia kioo. Sasa nilikuwa nimesimama kwa soksi juu ya saruji baridi, mwanamke mwenye shahada mbili, viatu mkononi, nikingoja ruhusa ya sijui nani.

"Mum, ni nini?" binti yangu aliuliza. "Kwa gari ya Babu mlikuwa mnatoa viatu?"

"Babu yako hakupenda uchafu."

"Na mbona huingii?"

Alinitazama jinsi anavyowatazama wagonjwa wanaoapa kwamba hawavuti sigara. Kisha akatoa simu, akampigia babu yake, akaweka spika.

"Babu! Ile gari ya picha, ilikuwa ya wewe?"

Nikafumba macho.

"Yangu?" Baba alicheka mpaka akakohoa. "Ilikuwa ya meneja, mama. Yeye alikuwa anakaa nyuma na gazeti lake. Siku akijaribu kuendesha mwenyewe, akirudi rivasi anavunja maua ya bibi yake. Dereva nilikuwa mimi. Kwani mama yako hajakwambia?"

"Hapana."

"Basi siku ya harusi waambie watu vizuri: babu yako aliiendesha miaka kumi na minane, na hakuikwaruza hata mara moja."