Mkizi Dume Mwenye Mayai

Miaka ile ya Ujamaa nilikuwa msaidizi wa maabara katika ofisi moja ya uvuvi, na mama alikaanga samaki wa kuuza mtaani kwetu, Mtoni. Yeye ndiye aliyegundua, si mie niliyesomeshwa.

"Huu msimu wa mayai," aliniambia, kisu mkononi. "Nimepasua mikizi beseni zima, mayai hakuna. Nyie wasomi mnasemaje?"

Nilimjibu kuwa labda wamevuliwa mapema. Akasonya.

Kesho yake nilikwenda na mikizi kumi kazini. Katika dume mmoja, ndani ya mfuko mweupe wa mbegu, niliona chembe za njano. Nikazitazama kwa hadubini. Mayai! Nikapasua mwingine, hivyo hivyo. Nikatafuta mikizi wa mbali, kule ambako maji machafu ya kiwanda cha nguo cha jirani yetu hayakufika. Hao walikuwa wazima. Kijito cha kwetu kilibadilika rangi kufuatana na khanga zilizotiwa rangi wiki hiyo.

Nilimpelekea mkuu wangu ripoti.

"Kiwanda ni cha nani?" akauliza.

"Cha umma, ndugu mkuu."

"Sasa unataka umma utembee uchi? Andika chumvi imezidi majini."

Nilikataa. Akaifungia ripoti kwenye droo, na kila nilipoiulizia alisema inashughulikiwa.

Basi nikabeba samaki wawili kwenye chupa yenye dawa ya kuhifadhia hadi kwenye mkutano wa balozi wetu wa nyumba kumi. Nilieleza mpaka jasho likanitoka. Mtu akapiga kelele, "Dume ana mimba!" Wakacheka wote, na balozi naye. Mama akasimama.

"Chekeni tu. Mie ndiye ninayewauzia. Kuanzia leo siuzi tena."

Akahamia mihogo ya kukaanga. Wateja wakamnunia, wakaenda kununua mikizi ile ile kwa jirani. Mie nikahamishiwa kwenye stoo ya nyavu, bila maelezo.

Miaka mingi baadaye nilisoma kitabuni kwamba baadhi ya kemikali za viwandani huudanganya mwili wa samaki, zikajifanya homoni za jike, hata dume akaanza kutengeneza mayai. Nilimsomea mama ukurasa mzima.

"Na sie tuliowala?" akauliza.

Kitabu hakikusema. Nilimwambia sijui, akaninunia siku nzima, na sikumlaumu.