Wifi ya Chumba Namba 214

"Toka kitandani mwangu!"

"Bwana, nipe dakika mbili tu, namalizia."

"Unamalizia nini kwenye kitanda changu?"

Swali zuri. Juu nimevaa koti la suti la mgeni wa hoteli, chini suruali ya usafi. Mkononi nina simu, na kwenye simu baba wa mchumba wangu anatuangalia kama anatazama mpira.

Ngoja nirudi nyuma.

Shule niliiacha mapema, ila kazi sichagui. Nikapata ya kusafisha vyumba hotelini, nchi ya watu. Mchumba wangu nilimwambia ukweli. Baba yake, fundi seremala, mkali kuliko msumeno wake, nikampelekea salamu kwamba mimi ni meneja.

Meneja wa ghorofa nzima, eti!

Mzee akajibu: "Jumamosi saa nane anipigie video, nimwone uso. Asipopatikana, asiniulize tena habari za binti yangu."

Saa nane mchana ya kwao, kwangu saa tano asubuhi. Sawa. Shida ni bando.

Siku nashuka kwenye ndege niliwasha data ya laini ya nyumbani. Simu ikaanza kujisasisha yenyewe kama imetumwa. Salio la mwezi mzima lilikwisha kabla begi langu halijatokea.

Laini ya huku inataka pasi ya kusafiria, na pasi yangu iko kwa bosi, anafuatilia kibali. Mwenzangu wa chumbani ana kitochi, kile cha vibonye, video hakijui. Wifi ya hoteli ni ya wageni tu: unaingiza namba ya chumba na jina la ukoo la mgeni.

Na hivyo vyote ninavyo. Viko kwenye karatasi yangu ya usafi.

Jamaa wa 214 akashuka kunywa chai. Nikatandika kitanda, nikavaa koti lake, nikaketi, nikaingiza jina lake.

Ikashika! Nikapiga.

"Ofisi yako ina mito minne?" mzee akauliza.

"Ya wageni wa heshima, baba."

Nilichosahau ni kwamba ile wifi inakubali simu moja kwa chumba. Nilipoingia mimi, mwenye chumba akakatwa huko chini. Akapanda na hasira zake.

Ndipo mlipotukuta.

"Na hilo koti si langu?" akauliza.

"Nilikuwa nalikunja, bwana."

"Ukiwa umelivaa?"

Kwenye simu mzee akakohoa. "Hebu mpe huyo bwana simu."

Nikampa. Ningefanyaje?

"Samahani ndugu, huyo kijana anafanya kazi gani hapo?"

"Anasafisha chumba changu."

"Anasafisha vizuri?"

Jamaa akatazama sakafu, akatazama kioo, akapitisha kidole dirishani. "Vizuri sana. Ila leo amesafisha na koti langu."

Akanirudishia simu. Nikajua nimekwisha.

"Baba, naomba nieleze..."

"Nyamaza. Binti yangu aliniambia kazi yako tangu wiki ya kwanza. Unadhani mimi nilianza na randa? Nilianza kwa kufagia maranda ya watu. Nilitaka kuona uso wako ukisema ukweli. Nimeona mito."

Jasho likanitoka ndani ya koti la mwenyewe.

Nyie mnaosafiri, nisikilizeni. Huna bando, sema huna bando. Unasafisha, sema unasafisha. Njia ya mwongo fupi, yangu ilikuwa dakika saba za wifi ya wizi, na karibu nipoteze mke kwa kuogopa kutaja ufagio.

Nikajikaza. "Baba, nipige tena lini?"

"Ukipata bando lako mwenyewe. Na uwe umeshika ndoo, nikuone vizuri."

Mzee akaiegemeza simu yake kwenye ubao wa karakana bila kuikata, akageuka, akaenda zake kuendelea na kazi.