Bwambale wa Ng'ambo ya Kijito

Kwa Wakonzo, mtoto wa kiume wa pili huitwa Bwambale, na karibu kila nyumba inaye. Ndiyo maana siku ile ya mwaka 1974, askari waliposimama uani kwa Loyi kule Bwera, karibu na mpaka wa Kongo, aliweza kuwajibu bila kusema uongo.

"Bwambale iko wapi?"

"Bwambale ni wengi, afande."

"Wewe mama, wacha mchezo! Ile ya magendo ya kahawa!"

Wa magendo alikuwa mwanawe, naye wakati huo alikuwa jikoni anakula ndizi. Loyi akanyoosha mkono. "Kuna mmoja ng'ambo ya kijito. Nyumba ya bati."

Nyumba ya bati ilikuwa ya Alisi, mdogo wake wa tumbo moja. Bwambale wa Alisi alikuwa mvuvi wa Hamukungu, amekuja kumwona mama yake kwa siku mbili tu. Wakampakia kwenye lori, likashika njia ya Kasese. Hakurudi. Bwambale wa Loyi alivukia Kongo wiki hiyo hiyo.

Loyi alikwenda matangani kwa Alisi. Akateka maji, akapika, akalala chini pamoja na wanawake wengine. Machozi hayakuja. Watu wakamsifu kwamba ana moyo mgumu wa kuwashikilia wenzake.

Pasaka ilipokaribia, Célestin, katekista aliyekimbia vita kule Butembo, Kongo, miaka kumi nyuma, alimletea Biblia. "Mama Loyi, Ijumaa Kuu utatusomea Maombolezo. Sauti iko yako."

Akajaribu kusoma peke yake. Nabii alikuwa amelia mpaka macho yamechoka, na matumbo yanamchafuka ndani. Loyi akajigusa tumbo. Lilikuwa kimya. Kesho yake akarudisha kitabu.

"Tafuta mwingine. Huyu nabii anatubu. Mimi nimekosa, na silii. Nimekuwa kama gogo."

Célestin hakuuliza amekosa nini. "Mama, wewe umesoma machozi tu. Iko pahali mutu anasema meno yake yamevunjika kwa changarawe. Yule naye anatubu. Mutu wa vile atalia na nini? Afungue mudomo kwanza, aseme."

Loyi akavuka kijito. Alisi alikuwa anachambua maharagwe kwenye ungo.

"Dada, mbona mapema?"

"Askari walifika kwangu kwanza. Walimtaka wangu. Mimi ndiye niliyewaonyesha kwako."

Vidole vya Alisi vikasimama. "Wako alikuwa wapi?"

"Jikoni. Anakula."

Alisi akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayepokea salamu za watu wa mbali.

"Wangu alikuwa hajala," akasema.

Akaendelea kuchambua. Loyi alisimama mlangoni muda mrefu. Hakukaribishwa kuketi, wala hakufukuzwa.

Ijumaa Kuu alisoma mpaka mstari wa mwisho, macho makavu. Alisi hakuja kanisani.