Nguzo Iliyochipua

Ukimuuliza Yaba Tibo anaogopa nini duniani, hatakutajia nyoka wala kifo. Atakutajia nguzo. Mara ya kwanza niliposikia nilicheka mpaka jembe likaniponyoka. Sasa sicheki.

Yaba ni bibi kwa lugha yetu, na sisi Wamosi wote wa kitongoji hiki tunamwita hivyo, hata sisi tuliopakana naye shamba tu. Alikuja huku nchi ya Wasamo akiwa bado bibi harusi, njaa ilipowafukuza kwao. Mumewe alimpelekea mzee Toe, mwenye ardhi, jogoo na kokwa za kola, akaonyeshwa shamba la kulima. Hakuuziwa wala hakupewa liwe lake. La kulima tu. Masharti yake tunayajua tangu tukiwa mgongoni mwa mama zetu: ukivuna, peleka kikapu cha mtama kwa mwenye ardhi, kokwa za mti wa mshea usiokote, ni za wanawake wao, mti ulio hai usikate bila ruhusa. Na kubwa kuliko yote, usipande mti. Mti wako ukishika mizizi kwenye ardhi ya mtu, ni kama wewe mwenyewe umeshika.

Mume akafa. Mzee Toe naye akafa. Kikapu kikawa kinaenda kwa mwanawe, Simeoni, na utani ukaenda nacho, maana sisi na Wasamo ni watani. Simeoni hapiti na pikipiki yake bila kupaza sauti.

"We mtumwa wangu, bado hujafa tu?"

"Nife nimwachie nani shamba, mla mbwa wewe? Ungelima wewe na uvivu huo, hata hao mbwa wako wangekonda!"

Sisi tukisikia hivyo tunajua mwaka ni mzuri.

Basi kiangazi kilichopita Yaba alijenga kibanda cha kivuli shambani. Nguzo moja ikapungua. Akaenda nyumbani, akakata tawi la mlonge wake, akaliacha juani mpaka likaonekana kama kuni, akalichimbia. Mvua zikaja. Siku moja nilikuwa napalilia upande wetu nikasikia Yaba akiita kwa sauti nyembamba, si yake kabisa.

"Sanata! Njoo uone. Ni macho yangu au?"

Nguzo ilikuwa na majani. Madogo, ya kijani kibichi, yamejipanga mawili mawili, na kwa kweli yalipendeza.

"Si uing'oe tu, Yaba?"

"Niing'oe? Kama ina mizizi, nimeua mti kwenye ardhi ya watu. Nikiiacha, nimepanda mti kwenye ardhi ya watu. Haya, niambie lipi jepesi."

Tulikuwa tumesikia habari za Mmosi wa ng'ambo ya bonde aliyepanda mikorosho kimyakimya. Alifukuzwa mtama wake ukiwa umefika kifuani, mbuzi wakaingia, akasimama barabarani anawatazama wakila.

Yaba akaanza kuyachuma majani kila asubuhi kabla watu hawajapita, akayatia kwenye mchuzi wa saga yake, ugali wetu wa mtama. Kumbe mlonge ukiuchuma ndio unauchokoza. Leo unachuma matano, kesho yametoka kumi na tawi juu yake. Akaifunga nguzo kwa kitenge kikuukuu. Halafu akawa hali chakula. Pikipiki yoyote ikilia mbali, anasimama na jembe mkononi bila kulima.

Kisha Simeoni akapita. Alipunguza mwendo, akatazama kibanda, akamtazama yeye.

"Habari za asubuhi, mama," akasema, akaenda zake.

Yaba akakaa chini matopeni. "Umesikia? Ameniita mama."

Nilisikia. Mtani akikuheshimu, kuna jambo.

Kesho yake akamkamata jogoo wake wa pekee, akaniambia twende, miguu haimtoshi. Simeoni alikuwa uani kwake akikaza mnyororo wa pikipiki. Yaba akapiga magoti.

"Mwanangu, nguzo yangu imechipua."

"Najua." Hakuinua kichwa. "Nani anaivalisha nguzo nguo?"

Ningecheka siku nyingine.

"Sikuipanda. Ilikuwa kuni. Naapa kwa kaburi la baba yako."

"Nilikuwa nangoja uje mwenyewe. Ungekaa kimya mpaka mavuno..." Akafuta mikono kwa kitambaa, polepole mno. "Mjini wanasema mwenye mti aliopanda anaweza kwenda ofisini akaandikiwa ardhi kuwa yake. Ndugu zangu wananicheka, eti bibi wa Kimosi ananizunguka. Silali."

"Wewe unaniogopa mimi? Mimi nisiye na meno?"

"Wewe sikuogopi. Nawaogopa wajukuu zako."

Akanitazama mimi, ambaye hata si mjukuu wake. Sijui kwa nini nilijificha nyuma ya Yaba.

Jioni ile ile Simeoni alikuja shambani na mzee wa ardhi, yule anayeitambikia ardhi yao. Mzee akamwaga maji yenye unga wa mtama, akachinja jogoo, akanong'ona kwa Kisamo. Kisha akamwambia Yaba aing'oe nguzo kwa mikono yake mwenyewe, sisi majirani tukiona. Akavuta. Haikutoka. Akavuta tena, akalia, ikatoka ghafla akaanguka nayo. Ilikuwa na mizizi myeupe, mingi kuliko nilivyodhani.

"Lima mpaka uvune," Simeoni akasema. "Mwakani uje uniombe upya, mimi, si marehemu baba. Siku hiyo ndiyo nitakujibu."

Akaifunga nguzo nyuma ya pikipiki, jogoo akamning'iniza kwenye usukani. Yaba, bado yuko chini, akajaribu.

"We mla mbwa, hata jogoo unamla peke yako?"

Simeoni akawasha pikipiki.

"Mtumwa hali jogoo," akajibu. Lakini hakucheka, wala hakugeuka.

Siku hizi Yaba anakula saga yake juani. Kibanda amekibomoa, nguzo zote, hata za mwarobaini zilizokufa kabisa. Mtama wake umepita kichwa changu, mzuri kweli, na watu wakiusifia anawaambia wasiseme kwa sauti. Kila asubuhi, kabla ya kushika jembe, anainama kwenye lile shimo alilolifukia na kulikanyaga, anapapasa udongo kwa vidole. Kisha ananiita mimi mwenye macho mazima nitazame pia kama kuna kitu kinachochipua.