Wiski ya Ulezi na Funda la Mama

Harufu ya shaba iliyopashwa moto naijua tangu nikiwa na miaka tisa. Hukaa kooni, kama umeshika sarafu kwa mkono wenye jasho kisha ukaulamba mkono huo. Niliisikia mara ya kwanza uani kwetu Mpumudde, Jinja, mwaka ule vita vilipokwisha, askari wa utawala wa zamani walipokimbia na maduka ya mjini yakabaki milango wazi, ndani hamna hata kiberiti. Baba alikuwa mtu wa boila, mtambo wa kuchemshia maji ya mvuke, katika kiwanda kimoja cha nguo. Kiwanda kilifungwa, naye akakaa nyumbani majuma kadhaa akitazama mikono yake. Siku moja akamwambia mama kwamba tunauza nyumba, tunarudi kwao Mbale, na huko atatengeneza wiski. Si waragi, ile gongo ya kienyeji, alisisitiza. Waragi kila mtu anapika. Wiski ya nafaka, ya kulazwa kwenye pipa la mti, kama ile waliyokuwa wakinywa maafande wakati sisi tunapanga foleni ya sukari. Mama alikuwa mlokole wa kweli kweli, aliyeapa kutogusa pombe, tena mwongoza nyimbo kwenye ushirika wao. Alisema atafanya kazi zote isipokuwa moja: hataonja. Baba alikubali haraka, kama mtu aliyeponea chupuchupu.

Shaba ilipatikana Masese, kwenye mwalo wa ziwa, ambako siku zile palikuwa na kila kitu isipokuwa maelezo ya kilikotoka. Baba alinunua bomba refu na mabamba mazito, akayapeleka kwa Mzee Juma, fundi Mwislamu aliyekuwa akifua masufuria makubwa ya pilau za harusi. Mzee Juma aliyafua mabamba yakawa mtungi wa kukenekea, wenye tumbo pana na shingo nyembamba, bila kuuliza swali lolote. Alipomaliza alimwambia baba, "Mimi nafua sufuria tu. Nyinyi nakwenda pika nini ndani, hiyo mimi hapana jua." Akacheka, akatumiminia chai. Kazi ngumu ilikuwa koili ya kupoozea mvuke. Bomba la shaba ukilipinda likiwa tupu linabonyea, kwa hiyo hujazwa mchanga kwanza, likazibwa ncha zote mbili, likapashwa moto, ndipo likazungushwa taratibu kwenye gogo. Mchanga lazima uwe mkavu kabisa, maana unyevu ukigeuka mvuke ndani ya bomba, kizibo hufyatuka na kinaweza kumtoa mtu jicho. Mimi na kaka yangu Wanyama tuliukaanga mchanga huo kwenye kikaango cha mama kama njugu, naye akakilalamikia kikaango chake mwezi mzima. Wapikaji wengi wa waragi hawakujisumbua hivyo. Walichomoa rejeta kwenye malori yaliyoharibika vitani, wakapitisha mvuke humo. Baba aliwaita wauaji, kwa sababu rejeta huungwa kwa madini yenye sumu.

Mbale tulipanga ghala tupu katika eneo la viwanda, karibu na mto unaoshuka kutoka mlimani. Mapipa mawili ya mti tulikuja nayo kutoka Jinja; yalikuwa meza za barazani katika klabu moja ya Wazungu, na mbao zake zilikuwa zimekauka hata ungeweza kuchungulia upande wa pili. Baba aliyalaza mtoni mpaka mbao zikavimba na kushikana. Mama aliloweka ulezi, akaufunika kwa magunia hadi ukachipua, akauanika, akausaga kuwa kimea, na ghala zima likanukia utamu wa uji. Kimea kilipochacha baba alikikeneka, akikigeuza mvuke na kuupooza; alimwaga maji ya mwanzo yenye sumu yanayotoka kwenye koili, akabakiza ya katikati. Kisha mapipa yakafungwa, na kazi ikawa kungoja. Tulingoja mavuno mawili ya ulezi, tukiishi kwa mandazi ambayo mama aliyauza sokoni. Nyumba ya Mpumudde yote ilikuwa imegeuka shaba na mapipa. Wiski isipouzika, baba alitueleza waziwazi, mimi na Wanyama tutaacha shule.

Siku ya kufungua pipa la kwanza, wiski ilitoka ikiwa na rangi ya chai ya rangi. Baba aliwaalika wenye baa wa mjini, na mkubwa wao alikuwa Mzee Wamimbi, mwanajeshi mstaafu ambaye akinunua, wengine wote wananunua. Kwa bahati mbaya, juma lilelile habari zilikuwa zimeenea kwamba katika kijiji cha jirani watu wamepofuka kwa waragi ya rejeta, na wawili wamezikwa. Wageni waliketi na glasi zao zimejaa, asiguse mtu. Baba alikunywa yake yote. Mzee Wamimbi akatikisa kichwa, akamgeukia baba.

"Mafabi, wewe nakunywa kila siku. Tumbo yako iko ya chuma. Hiyo hapana onyesha sisi kitu. Mama anywe."

Hakuwa anatania. Kwetu Bugisu, malwa, pombe ya ulezi, ikiletwa mbele ya wageni, mwanamke aliyeipika ndiye huivuta kwanza kwa mrija, watu wote wakiona. Baba akasema mama ni mlokole. "Basi sisi nakwenda, bwana," akajibu Mzee Wamimbi, akachukua kofia yake.

Mama alikuwa mlangoni na sahani ya njugu. Aliiweka chini, akajimiminia, akamtazama baba. Hakumtazama kwa hasira; ningefarijika kama ingekuwa hasira. Akapiga funda zima, akalishika mdomoni kidogo, akameza. Kisha akaketi kwenye benchi mbele yao, mikono mapajani, wamtazame macho kwa muda wowote waupendao. Niliwachukia wote pale ndani, na baba kuliko wote. Baada ya kitambo kirefu Mzee Wamimbi akauliza, "Mama, wewe naona mimi?"

"Nakuona," mama akasema. "Na kofia yako ni chafu."

Walicheka, wakanywa, wakanunua mapipa yote mawili.

Jumapili iliyofuata mama alisimama mbele ya ushirika akatubu. Walimwondoa kwenye kuongoza nyimbo, na tangu siku hiyo akawa anakaa benchi la nyuma. Sisi tulisoma. Leo Wanyama ndiye mwenye kiwanda. Kabla wiski haijatoka, chupa inapelekwa maabara Kampala na kurudi na karatasi yenye muhuri. Ni salama kuliko zamani, wala sitamani zile siku zirudi, kwa kuwa karatasi haina kiapo cha kuvunja. Lakini wanaoinywa sasa hawajui uso wa yeyote aliyeipika. Krismasi iliyopita nilimuuliza mama, ambaye sasa anatembelea fimbo, ile wiski ilikuwa na ladha gani. Alitazama kwanza kama kuna mtu mlangoni.

"Kunywa nilitubu," akasema. "Kwamba ilikuwa nzuri sijamwambia mtu. Hata baba yako alikufa hajui."